Kasi, ueneaji, uwekezaji: nilinganishe nini hasa kati ya kampuni tatu za simu?

Fundi_Sauti (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam.

Nimekwama, naomba msaada wa wanaojua, si wa wanaoshabikia kampuni ya simu kama timu ya mpira.

Kazi yangu ni kusafisha sauti. Watu wananitumia mahojiano waliyorekodi, mimi naondoa mvumo, kikohozi na milango inayobamizwa, kisha narudisha faili. Mahojiano ya saa moja na nusu, bila kubanwa, yanafika megabaiti 900 hivi. Kupakua sina shida nako sana, naweza kuacha usiku kucha. Kinachoniua ni kupakia, maana mteja anakaa anasubiri huku ananitumia alama za kuuliza.

Nina laini mbili. Ya kwanza niliichukua kwa mkataba wa mwaka kwa sababu ramani ya kampuni ilikuwa imepaka mtaa wangu wote rangi nzito, ile ya 5G. Ya pili ni laini ya zamani, 4G tu, nilikuwa naiweka kwa ajili ya simu za ndugu. Wiki iliyopita nilichukua daftari nikaandika, siku sita mfululizo, nikiwa mezani kwangu. Hali ilikuwa karibu ile ile kila siku, kwa hiyo natoa ya Alhamisi tu, kwa Mbps (megabiti kwa sekunde):

Laini ya kwanza saa 11 alfajiri: kupakua 212, kupakia 19. Saa 3 usiku: kupakua 6, kupakia 0.8.

Laini ya pili saa 11 alfajiri: kupakua 31, kupakia 11. Saa 3 usiku: kupakua 17, kupakia 7.

Piga hesabu ya hiyo 0.8. Faili ambalo laini ya zamani ingelituma kwa dakika 17, hii ya kisasa ililikokota saa mbili na nusu, na likakatikia njiani. Nikaanza upya.

Sasa kuna kampuni ya tatu inasema inafikia asilimia 98 ya watu na imewekeza kuliko wenzake wote. Maswali yangu: nikisoma kwamba kampuni fulani "inaongoza kwa kasi", ni kasi ipi hiyo? Ramani inaaminika kiasi gani? Na hayo mabilioni ya uwekezaji, mimi niliye mezani saa 3 usiku yananihusu nini?

---

Kijiti_Kimoja

Mkuu, chukua laini inayoshika chooni. Hizo nyingine hadithi.

---

Mpima_Barabara

Kijiti umechekesha, ila hujakosea sana.

Fundi, mimi nimefanya kazi ya kupima mitandao barabarani miaka kumi na moja. Kama hujawahi kuiona: gari la kawaida, trei nyuma ina simu nane zimebanwa, kila kampuni na zake, antena ya skana juu ya paa, kompyuta mpakato mapajani. Simu inapiga, inaongea sekunde tisini, inakata, inapiga tena. Nyingine inapakua faili, inafuta, inapakua tena. Kutwa. Ule mlio wa kuita huwa naendelea kuusikia hadi nikifumba macho. Kwa hiyo naomba uvumilivu, nikianza mada hii huwa sinyamazi mapema.

Kwanza, hilo daftari lako lina maana kwako kuliko tangazo lolote. Litazame tena. Laini ya kwanza inashuka kutoka 212 hadi 6. Mnara haukuhama usiku, ukuta wako haukunenepa. Kilichobadilika ni watu. Kila mnara umegawanywa vipande, kwa kawaida vitatu, kila kipande kinaangalia upande wake, na wote mlio upande huo mnagawana bomba moja. 4G yenye masafa ya upana wa megahezi 20 na antena mbili mbili, ile ya kawaida kabisa, kilele chake kwa hesabu ya karatasini ni Mbps 150. Hiyo ni ya kipande kizima. Wakiwa watu arobaini wanatazama video saa 3 usiku, gawanya mwenyewe. Tena mgao hauko sawa: aliye mbali na mnara anatumia muda mwingi wa bomba kupata data kidogo ile ile, kwa hiyo mtu mmoja aliyejificha nyuma ya kuta tatu anaweza kuwapunguzia mgao majirani kumi.

Kwa hiyo unapoambiwa "inaongoza kwa kasi", uliza kwanza saa ngapi. Kisha uliza ni wastani au ni namba ya katikati. Chukua vipimo vitano: 4, 5, 6, 7 na 212. Wastani wake ni 46.8. Namba ya katikati ni 6. Zote mbili ni za kweli, ila ya kwanza inafaa bango na ya pili inafaa maisha yako. Wapimaji makini siku hizi wanatoa ya katikati. Ukiona tangazo halisemi ni ipi, mimi huwa najua ni ipi.

Pili, kupakia. Hapa ndipo watu wengi hawaelewi. Mnara unarusha kwa makumi ya wati. Simu yako inarusha kwa takriban wati 0.2, kwa sababu ya betri na kwa sababu unaibandika sikioni. Wewe unamsikia mnara vizuri, mnara wewe hakusikii. Ndiyo maana simu inaweza kuonyesha vijiti vinne na faili lisiondoke. Ongeza na hili: 5G nyingi zinatumia masafa ya kati, kama megahezi 3,500, ambako kwenda na kurudi kunapokezana muda kwenye njia ile ile, na kampuni nyingi zinatoa takriban robo tatu ya muda kwa kupakua. Masafa hayo ni mapana, hata megahezi 100 kwa pamoja, ndiyo maana alfajiri unaona 212. Lakini kwenye ukuta yanachoka haraka. Masafa ya chini, 700 au 800, yanapenya na kwenda mbali, ila ni membamba. Hakuna kampuni iliyoshinda fizikia hii, kila mmoja ana mchanganyiko wake tu.

Ninachohisi (na ni kuhisi tu mpaka utakapopima) ni kwamba usiku simu yako mezani inaipoteza 5G, inaangukia kwenye 4G iliyojaa, na alama ya 5G pale juu inabaki imesimama. Usiiamini alama ile. Mwaka 2019 AT&T kule Marekani iliweka alama ya "5G E" kwenye simu zilizokuwa kwenye 4G iliyoboreshwa. Na hata bila ujanja wa aina hiyo, kwenye 5G inayoegemea 4G simu inaweza kuandika 5G huku data ikipita kwingine.

Pima hivi. Kwenye Android nyingi piga *#*#4636#*#*, kwenye iPhone piga *3001#12345#* kisha bonyeza kupiga. Kama simu yako ya Android haionyeshi zote, kuna programu za bure zinazoonyesha. Tafuta namba mbili. RSRP ni nguvu ya mawimbi, iko kwenye hasi: -80 safi, -100 inavumilika, -115 unakaribia kuzama. SINR ni usafi wake: zaidi ya 20 raha, 10 si mbaya, ikikaribia sifuri hakuna kitu. Vijiti vya simu vinakuonyesha zaidi ile ya kwanza. Nimewahi kusimama mahali minara mitatu ilikuwa inasikika kwa nguvu sawa, RSRP -74, vijiti vimejaa, SINR 1. Ukurasa wa maandishi matupu haufunguki. Ni kama watu watatu wanakupigia kelele sikioni kwa pamoja. Sauti unaisikia, neno hulipati.

Pima mezani, pima dirishani, alfajiri na saa 3 usiku. Laini zote. Rudi na namba.

---

Fundi_Sauti

Mkuu asante sana, leo nitapima. Ila lile la ramani umelipita. Mtaa wangu umepakwa rangi nzito kabisa. Wamenidanganya au?

---

Mpima_Barabara

Kudanganya ni neno kali, kwa kawaida hawahitaji kufika huko.

Ramani ile haipimwi, inakokotolewa. Programu inapewa urefu wa mnara, nguvu ya antena, vilima, majengo kwa makadirio, kisha inapaka rangi. Anayeiendesha ndiye anayechagua kizingiti. Ukisema -105 ni huduma unapata ramani moja, ukisema -115 ni huduma unapata ramani nyingine iliyonona zaidi, minara ni ile ile. Na karibu zote zinachukulia kwamba umesimama nje. Ukuta wa zege au kioo kile kinachozuia joto vinakula desibeli 15, 20, zaidi. Kila desibeli 10 ni kugawanya nguvu kwa kumi. Ukiingia ndani ya nyumba uko ramani nyingine ambayo hakuna aliyeichapisha.

Kisa cha kweli, kiko kwenye kumbukumbu za serikali. FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ilitaka kugawa ruzuku ya dola bilioni 4.5 ya kupeleka 4G vijijini, na ramani za kampuni ndizo zingeamua wapi pana shida. Watu wakalalamika kwamba ramani zinaonyesha mtandao mahali ambapo hakuna hata kijiti. FCC ikatuma watumishi wake na magari, kama mimi tu, wakaendesha karibu kilomita 16,000 katika majimbo 12. Ripoti ilitoka Desemba 2019. Kwa ramani za kampuni tatu walizokuwa wakizichunguza, ni asilimia 62.3 tu ya vipimo vya barabarani vilivyofikisha Mbps 5 ambazo ramani ziliahidi. Na hapo ni barabarani, si chumbani.

Na ile asilimia 98 ya kampuni yako ya tatu, soma neno linalofuata: ya WATU. Watu wamejikusanya, ardhi haijajikusanya. Mfano mzuri ni Australia. Kampuni ya Telstra imewahi kutangaza kufikia asilimia 99.7 ya watu, ila ukija kwenye eneo ilitaja takriban kilomita za mraba milioni 3, na nchi ile ina milioni 7.7. Ni hesabu mbili tofauti. Kwako wewe unayekaa mezani tofauti hiyo haina uzito. Kwa anayesafiri ni kila kitu.

---

Njia_Ndefu

Naona nimetajwa bila kutajwa. Mimi ni dereva wa lori, na nikisoma mnavyobishania Mbps 212 nacheka. Mimi kasi ya kunitosha ni ile ya kupeleka ujumbe wa sauti na ramani isigande. Ninachotaka ni simu isikate. Nina laini moja ambayo kwenye kila orodha ya kasi iko mkiani, na ndiyo niliyoiweka ya kwanza, kwa sababu nikiharibikiwa usiku porini ndiyo inayoita. Ile yenye kasi inaanza kunipotea nusu saa baada ya kutoka mjini.

Halafu kuna jambo hamlisemi: kuna mahali simu inaonyesha mtandao upo kabisa, intaneti inafunguka, lakini ukipiga simu inasita, inashuka chini, inakata. Hilo nalo mnalipima?

---

Mpima_Barabara

Tunalipima, kaka, ndiyo zile sekunde tisini. Unalolieleza ni simu isiyowashiwa huduma ya kuongea juu ya 4G. Ukipiga, inalazimika kuteremka hadi 2G au 3G, na pale kwenye ukingo wa mnara kuteremka kunashindikana. Kampuni zinazozima 3G ili masafa yake yatumike kwa 4G na 5G zinafanya tatizo hili lionekane zaidi. Angalia kwenye mipangilio ya simu kama VoLTE, ndiyo hiyo huduma yenyewe, imewashwa. Wengine wanabeba simu ya bei kubwa miaka miwili na kitufe kile kimezimwa.

Na uko sahihi, sikulisema: mpangilio wako wa laini ya kwanza ni sahihi kwako. Ningekuwa na lori ningefanya hivyo hivyo.

---

Bi_Leja

Swali la tatu la Fundi limeachwa, nami ndilo ninaloliweza. Mimi ni mhasibu, si wa kampuni ya simu, lakini nasoma taarifa zao za mwaka kwa sababu ambazo hazihusiani na burudani.

Kampuni ikisema "tumewekeza bilioni kadhaa", uliza mambo matatu. Je, ndani yake kuna leseni za masafa? Je, kuna ukarabati wa kawaida na mifumo ya malipo? Na kiasi gani kimekwenda kwenye mtandao wenyewe, yaani minara mipya, redio mpya (mitambo ya mnarani inayorusha mawimbi), faiba? Kampuni nyingi za simu hutumia asilimia 15 hadi 20 ya mapato yao kwa mwaka kwenye mitambo na miundombinu, hivyo mwenye mapato makubwa atakuwa na bilioni nyingi hata kama hajafanya jambo la ajabu. Mimi nagawanya uwekezaji kwa mapato kwanza, kisha ndipo naanza kusikiliza.

Leseni ndizo zinazowachanganya watu. Ujerumani mwaka 2000 walipiga mnada masafa ya 3G. Kampuni sita zilitoa jumla ya euro bilioni 50.8. Zilikuwa fedha nyingi kwelikweli na hakuna hata mnara mmoja uliosimama kwa fedha hizo. Mbili kati ya hizo sita, Mobilcom na Quam, hazikuwahi kuendesha mtandao wa 3G walioulipia. Ukilinganisha "uwekezaji" wa mwaka ule unalinganisha risiti za mnada.

Mfano wa pili unakwenda upande wa pili. Mwaka 2021 Marekani walimaliza mnada wa masafa ya kati, zaidi ya dola bilioni 80, na Verizon peke yake ilitoa zaidi ya bilioni 45. Wateja wake walianza kuyaonja Januari 2022. Lakini T-Mobile ilikuwa tayari imeungana na Sprint Aprili 2020 na kurithi masafa mapana ya megahezi 2,500, kwa hiyo wakati wenzake wanasubiri, yeye alikuwa anafunga redio. Akaongoza vipimo vya kasi ya 5G muda mrefu. Anayetazama jedwali la nani katoa nyingi mnadani mwaka ule angebashiri kinyume.

Na ahadi si uwekezaji. Korea Kusini kampuni tatu zilipewa masafa ya gigahezi 28 kwa sharti kila moja ijenge vituo 15,000. Hazikufikisha. Serikali ilianza kuwanyang'anya mwishoni mwa 2022, na wa mwisho akanyang'anywa 2023. Mwaka huo huo wa 2023, mamlaka ya ushindani ya huko iliwatoza wote watatu faini ya jumla ya won bilioni 33.6 kwa kutangaza kasi ya 5G ya gigabiti 20 kwa sekunde ambayo hakuna mteja angeipata kwenye simu yake. Gigabiti 20 ni kilele kilichoandikwa kwenye viwango vya kimataifa vya 5G. Viwango hivyo hivyo vinataka mtumiaji wa kawaida apate Mbps 100. Matangazo hayakupenda namba ya pili.

Kuhusu idadi ya minara: siku hizi mnara mara nyingi ni mali ya kampuni nyingine kabisa, na wote watatu wamepanga juu yake. "Tuko kwenye minara elfu kadhaa" haimaanishi wamejenga elfu kadhaa, na haimaanishi wako mahali ambapo mpinzani hayupo.

---

Mpima_Barabara

Dada Leja, hapo kwenye faiba naomba nichomekee kisa kimoja.

Niliwahi kutumwa kupima kituo ambacho 5G yake ilikuwa imewashwa siku tatu. Kila kitu kipya, kebo bado zinanukia plastiki. Nimeegesha gari chini yake, RSRP -71, SINR 27, nina uhakika niko karibu peke yangu. Nilitegemea 600, 700. Napima: 94. Narudia: 94. Nabadili simu, nabadili seva: 94. Mtu wa redio angekaa siku nzima anazungusha antena. Lakini namba hiyo, kwa aliyewahi kushughulika na nyaya, ni sawa na alama ya kidole. Ni tundu la waya lililowekwa megabiti 100, ukitoa vifungashio vya data inabaki 94 na ushei. Nikampigia fundi wa njia zinazobeba data kutoka kituoni. Kimya kidogo, kisha nikasikia "eeh, ngoja." Baada ya dakika kumi: 640.

Sasa yule wa 94 ni kosa la mpangilio, limepona kwa dakika kumi. Visivyopona ni vituo vyenye redio ya kisasa juu na chini njia ya zamani ya maikrowevu (mawimbi ya redio badala ya faiba) inayobeba vituo vingine vinne kwenye mnyororo. Kwenye ripoti ya uwekezaji kituo kile kimehesabiwa "5G". Kwa hiyo kama kampuni inataja ni sehemu gani ya minara yake ina faiba, mimi huipa namba hiyo uzito kuliko idadi ya minara. Wachache wanaitaja.

Na Fundi, kabla sijasahau: unapopima tumia pia fast.com. Ile inapakua kutoka seva za Netflix. Vipimo vya kawaida mara nyingi vinachagua seva iliyo ndani ya kampuni yako mwenyewe, ni kama kujisahihishia mtihani. Zikitofautiana sana, umejua kitu.

---

Fundi_Sauti

Nimerudi na namba, wakuu. Siku nne. Nimemwomba jirani aniazime simu yake yenye laini ya kampuni ya tatu jioni mbili, akadhani nimepatwa na jambo.

Saa 3 usiku, laini ya kwanza mezani: alama inaonyesha 5G, lakini ukurasa wa vipimo unasema data iko 4G, RSRP -113, SINR 2. Mpima ulihisi sawasawa. Dirishani: 5G kweli, -104, SINR 9, kupakua 38, kupakia 2.6. Hatua tano tu kutoka mezani, nimezihesabu.

Laini ya pili mezani: -97, SINR 14. Dirishani -88, SINR 17, kupakia 10.

Laini ya tatu, ile ya uwekezaji mkubwa, mezani: -91. Nikafurahi. SINR 3. Kupakia 2, mara 1.7. Vijiti vimejaa kabisa. Watu watatu sikioni, nimeelewa sasa.

fast.com kwa laini ya kwanza alfajiri ilinipa 64 wakati kipimo kingine kilikuwa kinasema 205. Hilo sijui nilielewe vipi.

---

Mpima_Barabara

Inawezekana wanabana video kwa makusudi, au njia yao ya kutoka nje ya mtandao wao ni nyembamba. Tuma faili halisi kwenye huduma unayotumia na wateja, pima kwa saa ya mkononi. Hicho ndicho kipimo chako, sio cha Netflix wala cha kampuni.

Kwa namba hizi, mimi ningetoa simu yenye laini ya pili, ningeiweka dirishani kama hotspoti, na kompyuta ibaki mezani. Usihamishe meza.

---

Kijiti_Kimoja

Chooni hukupima?

---

Fundi_Sauti

Kijiti, nilipima. Laini ya pili, -101. Umeshinda.

Meza siwezi kuihamisha, dirisha linaangalia barabara na kazi yangu yote ni kukimbia kelele. Nimeibandika simu kwenye fremu ya dirisha kwa gundi ya karatasi, laini ya pili, na waya wa chaji umepita chini ya zulia. Jana saa 3 usiku megabaiti 880 zilikwenda kwa dakika 13. Sikumwambia mteja, niliacha tu ashangae.

Mkataba wa laini ya kwanza umebaki miezi saba, kwa hiyo kwa yale mafaili makubwa yasiyo na haraka naamka. Sasa hivi ni saa 11 na dakika 12, liko asilimia 64. Likifika narudi kulala.